Zizi la Sayi

Sayi Limbu hakuwa mtu wa kuibiwa kirahisi. Ninaanza hapo kwa sababu watu wa hapa mjini Sumbawanga wamezoea kumsimulia kama zuzu fulani aliyekodolea kompyuta macho mpaka akaporwa, na simulizi hiyo inanichefua. Nilifanya naye kazi chumba kimoja miaka yote ile, yeye fundi na mimi mpiga chapa, na ninajua alivyokuwa mwangalifu. Hata mama muuza nyanya wa sokoni hakuweza kumchanganyia iliyooza. Aliyemliza alikuwa mtu aliyemwamini, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Wazazi wake ni Wasukuma. Walitoka upande wa Shinyanga na ng'ombe wao, yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni, wakazunguka wee mpaka wakatua karibu na Chala, kule Nkasi. Baba yake, mzee Limbu, alipata huko mbuga ya kulishia. Sisi Wafipa tuliwapokea jinsi tunavyowapokea wageni wenye ng'ombe: asubuhi tunanunua maziwa yao, jioni tunawalaumu kwa mahindi yaliyoliwa. Shuleni Sayi hakuitwa kwa jina lake. Aliitwa "yule Msukuma", na siku ng'ombe wakiingia kwenye ulezi wa mtu aliitwa mengine nisiyoweza kuyaandika. Alinisimulia haya akicheka, ila aliyarudia mara nyingi mno kwa mtu anayecheka.

Ufundi alijifunza kwa kuivunja redio ya baba yake akala viboko, kisha kuitengeneza akasifiwa. Akaja mjini, akafungua kibanda cha kutengeneza redio. Hizo zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba inaingia kila siku: makoti, baiskeli, redio, na mwishowe kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya tisini parokia moja ilipata kompyuta kuukuu kutoka kwa wafadhili, wakafungua chumba cha kuchapisha na kufundishia watu. Mimi nilichukuliwa na mashine yangu ya taipu, maana hakuna aliyekuwa na uhakika kama kompyuta zitawaka. Sayi alichukuliwa ili ziwake.

Ziliwaka, lakini zilikuwa na programu za wizi, nakala ya nakala, na zilishikwa na virusi kama watoto wanavyoshikwa na mafua. Kuna Mzungu wa kujitolea aliyepita kwetu, akatuachia CD za Linux. Huo ni mfumo huria wa kuendeshea kompyuta: yeyote anaruhusiwa kuutumia bure, kuufungua aone ulivyoundwa, kuubadilisha, na kuwagawia wengine. Sayi alipoelezwa hivyo alimtaka yule Mzungu arudie. Kisha akauliza, sasa aliyeutengeneza anapata nini? Akajibiwa kwamba jina lake linabaki ndani. Sayi akatikisa kichwa taratibu, akaonekana ameridhika.

Tatizo la mfumo ule lilikuwa moja. Ukitaka programu ya kuandikia barua, nayo inataka programu nyingine ndiyo ifanye kazi, na hiyo nyingine inataka ya tatu, na ya tatu iko kwenye CD usiyokuwa nayo. Wenzetu wa mijini huko walikuwa na intaneti, wanaandika amri na kila kitu kinashuka chenyewe. Sisi simu yenyewe ilikuwa ya kupigia foleni. Sayi alikaa wiki nzima akitafuta kipande kimoja cha programu ya mahesabu, na kumbe kilikuwa Kaengesa, kwa mwalimu Bertilla, kwenye CD iliyochomekwa kukazia mlango usipigwe na upepo.

Hapo ndipo alipoanza kutengeneza ya kwake. Hakuna aliyemtuma, na wala halikuwemo katika kazi aliyoajiriwa. Ilikuwa starehe yake ya Jumapili mchana, kama wengine wanavyocheza bao. Aliandika programu ya kuleta programu nyingine, kuzipanga na kuziondoa. Haikuwa na picha wala vidude vya kubofya. Unaandika amri kwa herufi kwenye kioo cheusi, unabonyeza kitufe, inakujibu. Akaiita Zizi.

Jina hilo halikuokotwa tu. Wasukuma wenye ng'ombe hawawaweki wote mahali pamoja. Wachache wanabaki nyumbani, wengine wanawekwa kwa rafiki kijiji cha pili, wengine kwa shemeji ng'ambo ya mto, ili ugonjwa ukiingia upande mmoja usimalize mali yote. Anayetunza anakunywa maziwa. Mwenye ng'ombe anabaki na alama yake kwenye sikio la mnyama. Hakuna karatasi. Mnakaa, mnasema mbele ya watu, mnakunywa maziwa ya mgando, imekwisha.

Zizi lilifanya vivyo hivyo. Hapakuwa na ghala moja la vifurushi vya programu. Bertilla alikuwa navyo vingine Kaengesa, Steven alikuwa navyo kwenye duka lake la vipuri pale Chala, na Jane, karani wa wavuvi, alikuwa na vyake Wampembe kando ya Ziwa Tanganyika. Zizi lilimjua kila mtunzaji na alichonacho. Ukiandika "zizi leta" na jina la kitu unachotaka, linakagua kwanza kinahitaji nini kingine, kisha linakwambia: hiki unacho, hiki kiko kwa Jane, hiki mwombe Steven. Unamtuma dereva wa gari la mizigo au padri anayesafiri, CD inakuja. Ukishaiingiza, Zizi linapanga kila kitu mahali pake, na wewe tangu siku hiyo unakuwa mtunzaji wa kifurushi hicho. Wazungu wangecheka. Lakini lilifanya kazi, na kompyuta za uwanda mzima zikaacha kuugua.

Kila mara lilipofunguka, maandishi ya kwanza yalikuwa: "Zizi. Limetengenezwa na Sayi Limbu wa Chala." Nilimtania kwamba anajitangaza kama mgombea udiwani. Akaniambia niangalie neno la mwisho. Baba yake aliishi Chala miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kumwita mtu wa Chala. Sasa Bertilla akiwa na shida alisema, "Muulizeni Sayi." Steven, ambaye mdogo wake aliwahi kumrushia mawe Sayi shuleni, aliwaambia wateja kwamba hii ni kazi ya kijana wa hapa kwetu. Kwa hiyo sikumtania tena.

Sasa nimseme Adolfu.

Adolfu ni Mfipa wa Chala, mpwa wa mzee Polikarp, ambaye ukoo wake ndio wenye mbuga ile wanamolishwa ng'ombe wa mzee Limbu. Alisoma darasa moja na Sayi, na ndiye mtoto pekee aliyemwita kwa jina lake. Hilo Sayi hakulisahau. Walipokuwa wakubwa Adolfu alikuja kwenye chumba chetu karibu kila Jumapili, wakakaa wote wawili mbele ya kioo wakibishana. Siwezi kudanganya, alikuwa na akili. Makosa mengi ya Zizi aliyaona yeye. Alikuwa na maneno matamu pia, ananiita dada Adela kwa sauti ya kuombea kitu, na mimi nikimpikia chai kama mjinga.

Adolfu alipopata nafasi ya chuo Dar es Salaam, aliomba aende na Zizi lote, na maandishi yake ya ndani, ili huko kwenye intaneti alitangaze na kuliendeleza. Mimi nilimshauri Sayi waandikishiane. Aliniangalia kana kwamba nimetaka ampime rafiki yake choo. Akasema watafanya kwa utaratibu wa kwao.

Walienda Chala, nikaalikwa kama shahidi. Tulikaa nje, kando ya zizi la kweli, mzee Limbu, mzee Polikarp, vijana wale wawili na mimi niliyekuwa nakwepa kinyesi na viatu vyangu vya kanisani. Sayi akamkabidhi Adolfu CD ndani ya mfuko wa kitambaa. Akasema mbele ya wazee kwamba anamwekea Zizi lake, alitunze, alilishe, likizaa azidi kunufaika, ila alama isiguswe. Adolfu akasema amesikia. Mzee Polikarp akasema amesikia. Mzee Limbu, aliyekuwa akicheka kidogo kwa sababu hakuwahi kuona ng'ombe wa kuingia mfukoni, naye akasema amesikia. Tukanywa maziwa ya mgando. Nilirudi mjini nikiwa nimefurahi, na sasa furaha hiyo inanikera.

Mwanzoni Adolfu alileta habari nzuri. Amesahihisha hiki, ameongeza kile, kuna mtu wa Arusha analitumia. Baadaye akakaa kimya. Sayi alimtetea: masomo ni magumu, Dar kuna mambo mengi. Kisha mwaka uliofuata, kiangazi, Steven alikuja kutoka Chala akiwa amechangamka, ana CD mkononi yenye karatasi ya rangi juu yake. Alisema toleo jipya limefika kutoka Dar, na kila mwezi itakuwa inakuja CD nyingine. Vitu vyote viko humohumo, hakuna tena habari za kutuma mtu Wampembe.

Sayi akaiingiza kwenye kompyuta tupu ya majaribio iliyokuwa karibu na dirisha. Akaandika "zizi" kama kawaida. Jibu likaja: "Amri hii haipo. Tumia duka."

Akacheka. Akasema Adolfu amelibadilisha jina, si vibaya, vijana wa Dar wanapenda biashara. Akaandika "duka". Kioo kikajaa maneno mazuri, yamepangwa vizuri kuliko ya kwetu, na juu kabisa palikuwa na jina la Adolfu kama mtengenezaji, na chini yake jina la kampuni moja ya kompyuta iliyomwajiri. Jina la Sayi halikuwepo. Sayi akasema watakuwa wamelisahau. Akafungua maandishi ya ndani, yale ambayo fundi peke yake ndiye anayeyasoma, akayapitia ukurasa baada ya ukurasa. Niliyaona na mimi. Ilikuwa kazi yake, hata maelezo aliyojiandikia pembeni kwa Kiswahili cha kwetu yalikuwepo. Ila kila mahali alipokuwa ametia jina lake, mtu alikuwa amepita akalitoa na kuweka la kwake. Usahaulifu hauna bidii ya namna hiyo.

Nilisema maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Sayi alimrudishia Steven CD yake, akamsindikiza mpaka nje, akamwagizia salamu kwa mama yake. Aliporudi alikaa mbele ya ile kompyuta bila kuigusa, nami nikaendelea kuchapa kadi za harusi ya watu huku nikikosea kila jina.

Hakutaka mambo mengi. Mimi ningetaka aaibishwe kanisani. Yeye alitaka mstari mmoja urudi mahali pake: limeanzishwa na Sayi Limbu wa Chala. Hata jina la Adolfu likae juu, hata kampuni ikae juu, mradi huo mstari uwepo. Na kwa kuwa walipeana mbele ya mashahidi, aliamini mashahidi watatosha. Akasubiri Krismasi.

Adolfu alikuja Krismasi amenenepa. Alimletea mama yake Sayi khanga, mzee Limbu kofia, na mimi sabuni yenye manukato ambayo niliiacha palepale kwenye benchi. Tukakaa tena wote watano nje ya nyumba ya mzee Limbu. Mvua zilikuwa zimeshika, mahindi yamechipua kila upande, hakuna pa kupitisha ng'ombe bila kukanyaga shamba la mtu. Ng'ombe wenyewe walikuwa mbugani, kwenye ardhi ya ukoo wa mzee Polikarp, na mzee Polikarp alikuwa ameketi, kofia yake ameiweka gotini.

Sayi alieleza kwa utulivu. Adolfu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kama mtu anayemwelewesha mgonjwa. Alisema kampuni isingechukua kitu chenye jina la mtu wasiyemwajiri. Alisema nusu ya kazi ameifanya upya yeye, na hapo hakusema uongo. Alisema watu wanalitumia sasa mpaka Mwanza, je, hilo si lilelile Sayi alilolitaka?

"Halafu ni wewe uliyenifundisha kwamba ni huria," akasema. "Kwamba yeyote anaweza kubadilisha."

"Nilisema wabadilishe," Sayi akamjibu. "Sikusema wanifute."

Hapo nilidhani mambo yamekwisha, maana hata kuku waliokuwa wanadonoa pale wangeelewa. Mzee Polikarp alikuwa anaangalia chini. Wote tukamgeukia mzee Limbu, kwa kuwa ni nyumbani kwake na ni mila ya kwake.

Huyu mzee si mgeni wa mambo ya alama. Aliwahi kutembea kwa miguu mpaka upande wa Mpanda kumfuata mtamba mmoja ambaye mtunzaji alimkata sikio upya ili alama ya Limbu isionekane. Alilala porini. Alimrudisha, na hadithi hiyo aliisimulia kwa majigambo kila alipopata msikilizaji. Kwa hiyo nilisubiri kwa raha zangu aanze kumwadhibu Adolfu.

"Sayi," akasema, "ng'ombe wako wamepungua?"

Sayi hakuelewa. Baba yake akarudia. Hilo Zizi ulilompa mwenzako, kule mjini kwenye mashine yako, lipo au halipo?

"Lipo, baba. Lote lipo."

"Na yeye analo?"

"Analo."

"Basi hujaibiwa," mzee Limbu akasema. "Mtu ambaye zizi lake limejaa haiti watu kikao. Mwache mwenzako afanye kazi."

Sayi alimkumbusha yule mtamba wa Mpanda. Baba yake akamjibu kwamba yule mtamba hakuwepo nyumbani, ndiyo maana alimfuata. Kisha akamgeukia mzee Polikarp akamuuliza habari za mbuga, kama maji bado yamesimama upande wa chini. Mzee Polikarp akavaa kofia yake, akasema maji yamepungua, ng'ombe wasogee tu mpaka kwenye kijito, hakuna neno. Walizungumza habari za majani kwa kirefu, kwa heshima kubwa, na Adolfu akamimina maziwa ya mgando kwenye vibuyu kana kwamba ni mtoto wa nyumba hiyo.

Mimi sikunywa. Najua nilikuwa mgeni, najua ni utovu wa adabu, na ningefanya hivyo tena leo. Ningekuwa mwanamume pengine ningesema, lakini nilikuwa mwanamke wa mjini niliyealikwa kushuhudia, na hakuna aliyeniuliza nilishuhudia nini. Waliotamka "nimesikia" walikuwa watatu. Mmoja alikuwa amelifuta jina, wa pili alikuwa mjomba wake, na wa tatu alikuwa baba mzazi wa mwenye jina.

Tulirudi mjini kwenye kabini ya lori la mahindi. Tulikuwa tumeshakata nusu ya njia ndipo Sayi aliposema. "Baba kanibadilisha na majani, dada Adela." Nilitaka kumwambia kwamba mzee ana ng'ombe wengi na mbuga si yake, kwamba watu waliomkaribisha wanaweza kumfukuza kesho, kwamba mtoto mwingine angepewa kauli ileile. Yote hayo ni kweli, na Sayi aliyajua kuliko mimi. Nikanyamaza, kwa sababu kweli hiyo haikumsaidia.

Adolfu ningeweza kumsahau. Hawa wengine ndio walionimaliza. Sayi aliamua kwamba kama jina halitarudi Dar, basi litabaki hapa uwandani, kwa watunzaji wake. Akaongeza kwenye Zizi lake yale mazuri yaliyokuwa ndani ya Duka, akaweka nakala kwenye CD, akazipeleka mwenyewe. Steven aliipokea kwa mikono miwili na kuiweka juu ya rafu, na pale Sayi aliporudi kumsalimia baadaye bado ilikuwa juu ya rafu. Jane aliniambia mimi, kwa kuwa aliona aibu kumwambia yeye, kwamba Duka halimsumbui kutafuta dereva wa kwenda Sumbawanga. Aliyemuuma zaidi alikuwa Bertilla. Huyu mwalimu alikuwa mtunzaji wa kwanza, na nusu ya vifurushi vya Zizi vilikuwa kwake.

Nilimsindikiza Sayi Kaengesa. Bertilla alitukaribisha vizuri, akatupa viazi vya moto, akauliza habari za nyumbani. Sayi alipomwomba vifurushi vyake akainamisha kichwa. Alikuwa ameshavifuta ili apate nafasi ya Duka.

"Ni lilelile tu, Sayi," akasema. "Si umelitengeneza wewe? Sisi wote tunajua."

"Mnajua," Sayi akamwambia, "lakini hamsemi."

Bertilla alilia kidogo. Mimi sikumhurumia. Mtu anayejua na kunyamaza huwa ananichosha kuliko anayeiba, maana mwizi angalau ana haja na kitu.

Baada ya hapo Zizi lilibaki na mtunzaji mmoja. Lilikuwa kwenye kompyuta zetu tu, na kila mara ulipoliomba kitu lilikutajia watu ambao hawanacho tena. Mwalimu kutoka Chala akiomba programu, lilimwambia amwone Steven wa Chala. Sayi hakuyaondoa majina yao. Nilimuuliza kwa nini, akasema yeye si mtu wa kufuta majina ya watu.

Kisha parokia ikaleta mashine mpya ya kuchapishia, kubwa, ya kutoa karatasi nyingi kwa mara moja. Walimu wa shule za jirani walifurahi kwa sababu mitihani ya majaribio ilikuwa imekaribia, na wakaja asubuhi moja wamejazana kwenye benchi letu wakiwa na mitihani yao tayari. Mashine haikukubali. Ilihitaji programu yake maalumu, mpya, na Sayi alipoandika "zizi leta" alijibiwa kwamba hakuna mtunzaji anayeijua. Programu hiyo ilikuwa kwenye CD ya Duka ya mwezi ule. Vifurushi vya Duka havikufunguka ndani ya Zizi. Adolfu alikuwa amebadilisha namna ya kuvifunga.

Nilimwambia Sayi awafukuze, wakachapishe Mbeya. Nilikuwa tayari kuwafukuza mwenyewe. Yeye aliwaangalia wale walimu, akaangalia mitihani, akasema watoto hawana kosa. Mwalimu mmoja alikuwa na CD ya Duka kwenye begi lake. Sayi akaipokea, akashukuru, akaiingiza.

Kioo kilisema kwamba Duka haliwezi kukaa pamoja na Zizi, na kwamba Zizi litaondolewa. Je, unakubali? Sayi akaandika ndiyo. Maandishi yakapita haraka, programu moja ikavuta nyingine, zote zikajipanga bila kukwama hata mahali pamoja. Ilikuwa kazi nzuri. Nililiona hilo usoni pake, fundi hawezi kujificha mbele ya kazi nzuri, na aliisoma kila hatua kwa sababu kila hatua aliifikiria yeye. Mwalimu mwenye CD akasimama nyuma yake akasema kijana aliyetengeneza kitu hiki ana kichwa. Sayi akasema ni kweli.

Mwishoni kabisa Duka likamtaka aandike jina lake na mahali alipo, ndipo lifungue programu ya mashine. Aliandika herufi moja moja, kwa kidole kimoja, yeye ambaye siku zote alitumia vidole vyote. Sayi Limbu, Chala. Akabonyeza. Nikasogea kusoma.

"Asante, Sayi Limbu. Hatuna kumbukumbu yako. Umeandikishwa kuwa mteja mpya."